Kwanza Umwambie Usoni

Mimi ni mwoga, na sioni haya kulisema. Wapo wanaoogopa nyoka, wapo wanaoogopa sindano. Mimi naogopa karibu kila kitu, na zaidi ya vyote naogopa mlango uliofungwa nikiwa ndani. Sikuwahi kufungiwa popote utotoni, wala hakuna kisa cha kusimulia. Nimezaliwa hivyo tu, kama wengine wanavyozaliwa na vishimo mashavuni.

Kiwanda chetu kilishona mashati. Ukumbi ulikuwa mmoja mrefu, cherehani zimepangwa laini kwa laini kutoka mbele hadi nyuma, idara ya kukata upande mmoja, idara ya pasi upande wa pili. Mlango wa mbele ulikuwa na walinzi waliotupekua tukitoka. Wa nyuma ulikuwa wa chuma, umeandikwa kwa rangi nyekundu kwamba ni wa dharura. Mashati yalipoanza kupotea, Meneja alisema yanapitia huko. Akaleta fundi, akatia kitasa kipya kisichofunguka bila ufunguo, uwe ndani au nje. Ufunguo ukatiwa kwenye shada la funguo la mtunza stoo, na mtunza stoo alikuwa mume wangu.

Kiwandani hakuna aliyemwita jina lake. Walimwita Stoo. Na mimi wakaniita Mama Stoo, ingawa hatujajaliwa mtoto. Aliyebuni jina hilo ni Mkasi, mwanamke wa idara ya kukata ambaye ulimi wake ulikuwa na makali kuliko kifaa chake. "Mama Stoo," angesema, "mwambie mzee atutolee uzi mpya, huu unakatika kama ahadi za Meneja." Tulicheka naye. Hata mume wangu alicheka.

Kicheko kilikwisha siku ya moshi. Mtu aliacha pasi juu ya fungu la mashati, nguo zikaanza kuungua chini kwa chini, na tulipokuja kushtuka moshi mweusi ulikuwa umekwisha kutanda ukumbini. Wa mbele walikimbilia mbele. Sisi wa nyuma tukakimbilia nyuma, tukaujia ule mlango wa chuma kwa vifua. Mdogo wangu, tumbo moja mimi na yeye, nimemlea tangu mama yetu alipofariki, alikuwa akishona kola kwenye cherehani ya mwisho kabisa. Kwa hiyo ndiye aliyefika wa kwanza, na sote tukamlalia. Alikuwa na mimba kubwa. Nilimsikia akiita, "Dada! Dada!" na nisiweze kuuona hata mkono wake.

Watu wa pasi walimwaga ndoo za mchanga, moto ukazimika. Meneja alisema tumelikuza jambo. Mdogo wangu alikaa sakafuni akihema, mkono juu ya tumbo, akisubiri mtoto acheze. Alipocheza ndipo akalia.

Mume wangu hakuwepo. Alikuwa ametumwa mjini na lori kufuata vifungo, na shada zima la funguo lilikuwa kiunoni mwake. Jioni alinisimulia hilo kwa mshangao, kama mtu anayesimulia jinsi alivyonusurika na mvua. Chakula kilinishinda.

Kesho yake wanawake wa laini za nyuma walikataa kuketi mpaka mlango ufunguliwe. Tulikwisha kulalamika mapema. Mkaguzi wa viwanda alikuja, akanywa chai kwa Meneja, akaenda zake. Sasa walisimama tu, mikono imekunjwa. Meneja alishuka kutoka chumba chake cha vioo, akazungumza kwa upole wa kutisha, na mmoja mmoja wakaketi. Siku iliyofuata tukakuta tangazo ukutani, la Kiingereza kitupu. Neno la polisi tulilisoma. La kufukuzwa tulilijua. Lakini juu kabisa, kwa herufi kubwa, palikuwa na neno ambalo hakuna aliyekuwa na hakika nalo: DEFIANCE.

"Maana yake ukaidi," msimamizi wa laini alisema.

"Kama ni ukaidi tu, angeandika ukaidi," Mkasi akajibu. Kisha akanigeukia. "Mama Stoo, wifi yako si mwalimu wa Kiingereza? Kamuulize tunatuhumiwa nini hasa. Nisije nikafungwa kwa kosa nisilolijua, nikaona aibu mbele ya wafungwa wenzangu."

Wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu kabla ya hapo, msalani, Mkasi alikuwa amenishika mkono na kunitilia kipande cha sabuni kiganjani.

"Mumeo akienda kuoga, funguo huweka wapi?"

"Kwenye msumari, nyuma ya mlango wa chumbani."

"Basi kazi imekwisha. Huo wa mlango wa nyuma ubonyeze hapa, upande huu na upande huu. Nitampelekea mchonga funguo. Stoo hatajua, Meneja hatajua, na sisi tutakuwa na ufunguo wetu laini ya mwisho."

Nilisema naogopa.

"Sisi sote tunaogopa," alisema. "Lakini anayekaa karibu na ule mlango ni mdogo wako, si mdogo wangu."

Nikaitia ile sabuni mfukoni. Nilitembea nayo siku nzima nikihisi kila mlinzi anainusa.

Jumapili alasiri nilikwenda kwa wifi yangu. Ni dada mkubwa wa mume wangu, ameishi na chaki mpaka vidole vimepauka, na hana dogo. Nilimkuta sebuleni, madaftari ya wanafunzi yamemzunguka, kalamu nyekundu sikioni.

"Wifi wa mashati," aliniambia, "umekuja kunisalimia au umekosana na kaka yangu?"

"Nimekuja na neno la Kiingereza."

"Afadhali. Kaka yangu sina dawa yake."

Nilimwandikia neno nyuma ya daftari bovu. Alilitazama, akavua miwani, akaivaa tena. Kumpa wifi yangu neno ni kama kumpa mtu mwingine mkufu. Huligeuza, hulipima, hulisogeza penye mwanga.

"Mmelitoa wapi hili?"

"Lipo ukutani kiwandani. Wanasema ni ukaidi."

"Ukaidi ni wa mtoto anayekataa kunawa miguu," alisema. "Hili ni kumkabili mtu mwenye nguvu kuliko wewe, usoni pake, ukamwambia sitaki, na yeye akajua umesema. Waingereza walilipata kwa Wafaransa, nao Wafaransa walilifinyanga kutoka Kilatini. Likivuliwa nguo zote, ndani unakuta imani. Imani, na mbele yake kitu kidogo cha kuing'oa. Kuondoa imani."

"Imani ya dini?"

"Imani ya mtu kwa mtu. Zamani huko kwao, mtu mdogo alikuwa akila kiapo kwa bwana wake. Nitakutumikia, nawe utanilinda. Basi wote wawili wamefungana. Sasa bwana akivunja ahadi, akaacha kumlinda, yule mdogo alikuwa na haki ya kujitoa. Lakini si kimyakimya. Ilikuwa sharti amtangazie kwanza: imani yangu kwako naiondoa kuanzia leo. Akishatangaza, hata wakipigana, wanapigana kama maadui wanaoheshimiana. Asipotangaza, akamgeuka tu kwa nyuma, huyo wao walimwita msaliti. Hapo ndipo neno lilipozaliwa, kwenye lile tangazo."

Aliitoa kalamu sikioni, akaendelea kusahihisha. Mimi nilibaki nimekaa, mkono mfukoni, kidole juu ya sabuni.

"Na kama yule mdogo ni mwoga?" nikauliza.

Wifi yangu hakuinua macho. "Nadhani wote walikuwa waoga. Mtu asiyeogopa hahitaji kuwekewa sharti."

Niliondoka nikiwa nimeharibiwa kabisa. Nilikuwa nimekwenda kuuliza maana ya neno la Meneja, nikarudi nalo limenikalia kooni mimi mwenyewe. Meneja sikuwahi kumwamini hata siku moja, sina cha kumwondolea. Niliyemwamini ni mwingine. Niliolewa naye nikimwamini, nikaingia kwenye kile kiwanda nikimwamini, nikamweka mdogo wangu pale nyuma nikiamini kwamba ufunguo uko kwa shemeji yake. Na huyo ndiye niliyekuwa naenda kumbonyezea sabuni akiwa anaoga.

Jumatatu, jua halijazama, alirudi, akatundika shada la funguo msumarini, akachukua taulo. Nilisikia maji yakimwagika na yeye akipiga mluzi. Nikaushika ule ufunguo. Ulikuwa wa shaba, mzito, bado una joto la mwili wake. Nikatoa sabuni. Mikono ilinitetemeka mpaka shada zima likalia, nikalikumbatia kifuani lisisikike. Ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Mdogo wangu alikuwa ananitegemea niifanye, na Mkasi, na laini nzima. Na bado sikuweza. Mluzi ule ulinishinda. Mtu anayepiga mluzi bafuni kwake ni mtu anayejua yuko salama.

Alipotoka alinikuta nimekaa kitandani, funguo pajani, sabuni mkononi. Alitazama kimoja, akatazama kingine. Si mjinga.

"Nani kakutuma?"

"Simtaji."

"Unajua hii ni kazi yangu? Unajua Meneja akijua, ni mimi ninayelala ndani?"

"Najua. Ndiyo maana sijaibonyeza. Nimeona nikwambie kwanza." Sauti yangu ilikuwa nyembamba, sikuitambua. "Siku ya moshi ulikuwa mjini na ufunguo wetu kiunoni. Mdogo wangu alikuwa amebanwa na mlango. Umerudi, umekula, umelala, na kesho yake ukauacha umefungwa vilevile. Nilikuwa nakuamini na ule ufunguo. Imani hiyo naiondoa. Kuanzia leo nitafanya lolote kuufungua ule mlango, na wewe ujue ni mimi."

Katika miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kumwambia hata kwamba chai yake ni tamu mno. Nilidhani atanipiga, ingawa hajawahi kunipiga. Nilidhani atacheka, na hilo niliogopa zaidi.

Alikaa kwenye kiti akiwa na taulo lake, maji yakimchuruzika mgongoni. Kisha akavaa, akalichukua shada la funguo pajani mwangu taratibu, kama mtu anayetoa kitu kwa aliyelala, akatoka bila kula. Aliporudi, alinipa kisogo.

Asubuhi alitangulia. Nilipofika na kukaa kwenye cherehani yangu nilimwona juu, ndani ya chumba cha vioo, amesimama mbele ya meza ya Meneja. Hatukusikia kitu, tuliona midomo tu. Mume wangu alisema, Meneja akasema, mume wangu akasema tena. Kisha akafungua mkanda, akachomoa shada la funguo, akaliweka mezani.

Nyuma ya sikio langu nikasikia pumzi ya Mkasi.

"Ulimwambia."

Niliingiza kitambaa chini ya sindano.

"Ulimwambia! Tumekupa kazi ya mtu mmoja na kipande cha sabuni, wewe ukaenda kumwambia mumeo!"

"Nilitaka ajue kwanza..."

"Ajue ili iweje? Sasa ufunguo uko kwa nani?"

Macho yetu yote yalikuwa juu. Meneja aliutoa ufunguo wa shaba kwenye shada, akautia mfukoni mwa koti lake. Mlinzi alimshika mume wangu kiwiko, akamshusha ngazi, akampitisha katikati ya laini zetu mpaka nje. Alipopita kwangu hakunitazama. Baadaye kidogo tukasikia gari la Meneja likitoka getini, na ufunguo ndani yake.

Sijui kama nitaweza kueleza siku ile ilivyokuwa. Zamani ufunguo ulikuwa mahali fulani kiwandani, kiunoni mwa mtu mwenye masikio. Sasa haukuwepo kabisa. Kila pasi ilipofuka mvuke, nilinusa. Kila taa ilipofifia, moyo ulinipanda. Nilishona mkono wa shati ndani nje, nikaufumua, nikaushona tena ndani nje. Wakati wa mapumziko walihama benchi nililokalia. Mdogo wangu peke yake alikuja, akakaa, akanimegea mkate.

"Ulifanya vibaya, dada?" aliniuliza, kama mtoto.

"Sijui," nikasema. Na kweli sikujua. Nilijua tu kwamba nimemuuza mtu, ila sikujua ni nani.

Alasiri, mdogo wangu alisimamisha cherehani yake. Nilimwona ameinamisha kichwa, sikio karibu na mlango wa chuma. Akagonga kwa fundo la kidole. Halafu akageuka, macho yamemtoka, akamnong'oneza aliye mbele yake, naye akamnong'oneza aliye mbele yake, na maneno yakapanda laini chinichini huku miguu ikiendelea kukanyaga pedali, hata yakanifikia kwa kinywa cha mwanamke ambaye tangu asubuhi hakuwa amenitazama.

"Mumeo yuko nje ya mlango," alisema. "Ana mtaimbo. Anasema tukinusa moshi tupige kelele, yeye atauvunja. Anasema asubuhi alimwambia Meneja hivyohivyo: ama uache ufunguo kwa wanaokaa ndani, ama mimi nitakaa nje. Anasema tusimwogopee."

Hapo ndipo nilipoanza kumwogopea.

Nilimgeukia Mkasi. Alikuwa amesimama na kitambaa mkononi, mdomo wazi.

Jioni mume wangu alirudi nyumbani na vumbi mpaka kwenye nyusi, mtaimbo begani, akausimamisha kwenye kona. Nilimwekea maji. Nilimwekea chakula. Yale maneno yalikuwa hapa kooni: ile imani niliyoiondoa nimeirudisha, tena na ya ziada. Ningeyasema. Lakini nilimwona amechoka, tena niliona haya; nikajiambia mtu aliyeondoa kitu kwa kishindo hawezi kukirudisha kwa kunong'ona mezani, nitafute wakati mzuri. Tukala. "Chumvi kidogo," alisema. Nikampa chumvi.

Siku iliyofuata alikuwepo tena. Kila alipopata hamu aligonga mlango mara moja, taratibu, na mdogo wangu akajibu kwa kidole, na laini nzima ikashusha mabega. Hata cherehani zilibadilika mlio, au ni mimi tu. Wenzangu walirudi kwenye benchi langu. Mkasi alikaa kando yangu, akaweka mkono wake mgumu wa mkasi juu ya goti langu, akautoa upesi.

"Mumeo ni mwehu," alisema.

"Najua."

"Wangu angekuwa amelala."

Kisha Meneja akarudi. Lilikuwa jambo la kutarajiwa, lakini mtu hutarajia kwa kichwa, tumbo halitarajii kitu. Aliingia na polisi watatu, hawakupita ukumbini. Polisi walizunguka kwa nje, yeye akapanda kwenye chumba cha vioo. Tuliwaona madirishani, kofia zikipita moja baada ya nyingine kuelekea nyuma. Mdogo wangu alisimama. Kisha tukasikia mlango wa chuma ukipigwa na kitu kizito, lakini si mtaimbo. Ilikuwa sauti ya mwili. Ukapigwa tena. Tukasikia mume wangu akisema, "Subirini, subirini kwanza, kuna watu mle ndani," akiyasema kwa adabu, kama anayeomba njia. Sauti ikakatika katikati ya neno.

Gari likawashwa, likaondoka.

Cherehani zilinyamaza zenyewe. Sikuona nani alitangulia kuondoa mguu. Nilikuta nimesimama, na miguu yangu, ambayo haijawahi kunipeleka popote bila kuombwa, inaniongoza kwenye ngazi za chumba cha vioo. Nilishika reli kwa mikono miwili. Nilitamani sana kurudi. Nilihisi mkojo unataka kunitoka, nikaubana, nikapanda. Meneja alikuwa anafuta viatu kwa kitambaa cha shati letu.

"Nani kakuruhusu kupanda?"

"Hakuna." Nikasogea mezani. "Nimekuja kukwambia kabla hatujafanya. Tunakwenda kuuvunja ule mlango wa nyuma. Sasa hivi."

Aliacha kufuta. Alinitazama kama mtu aliyesemeshwa na kiti.

"Wewe ni nani?"

"Mke wa Stoo."

"Utamfuata huko alikokwenda."

"Inawezekana," nikasema, na machozi yakanitoka. Niliogopa mno mtu yule, na bado naogopa. Usiku mwingine nasikia sauti ya kitambaa kikifuta kiatu. "Lakini umekwisha kujua."

Nikageuka kushuka. Nilidhani nitakuta kila mtu amekaa na kuinamisha kichwa kama siku ile ya tangazo, na mimi ndiye kichekesho cha mwaka. Walikuwa wamesimama. Mkasi na wenzake wa idara ya kukata walikuwa wamelibeba benchi refu la mapumziko, wameliegemeza mabegani, wakinisubiri nipishe.

Hatukuvunja kwa pigo moja. Chuma kilirudisha kila pigo mikononi mwetu. Walinzi walikuja mbio, wakatuona tulivyo wengi, wakasimama. Meneja alipiga kelele kutoka ngazini, mwishowe akanyamaza, akashika simu. Kitasa kilianza kulia, kikapinda, kikang'oka na kipande cha fremu, na mlango ukafunguka nje, na jua la alasiri likaingia mpaka laini ya pili, mahali ambapo sijawahi kuliona.

Mdogo wangu tulimpisha kwanza. Alitoka, akatembea hatua chache, akakaa chini kwenye majani makavu ya ukutani akicheka na kulia. Wengine wakamfuata. Mimi nilitoka wa mwisho. Mtaimbo ulikuwa chini. Kando yake palikuwa na gazeti alilolikalia, na chupa ya maji iliyopinduka. Yeye hakuwepo. Nilijua hatakuwepo, nilisikia gari kwa masikio yangu, na bado niliangalia nyuma ya mlango.

Kituoni hawakutaka kuniona. Nilisimama kwenye kaunta mpaka wakachoka kunitazama, nikijua kabisa kwamba huenda wanatafuta mke wa Stoo na mimi nimejileta na miguu yangu. Askari mmoja, mama wa makamo, aliniuliza niliyemfuata ni nani wangu. Nikamwambia mume. Akanipeleka kwenye korido yenye dirisha dogo la nondo, akaniambia nisikawie.

Alikuja upande wa pili akiwa peku. Mdomo ulikuwa umevimba, jicho moja halifunguki. Nilikuwa na mambo mengi ya kusema, la kwanza ile imani, nilikuwa nimeyapanga njia nzima. Akatangulia yeye.

"Umefunguka?"

"Umefunguka."

"Shemeji ametoka?"

"Ametoka wa kwanza."

Alishika nondo, halafu akateleza polepole mpaka sakafuni, na nilipochungulia nikamwona amekaa huko chini, mikono inatetemeka vibaya, kama yangu siku ile ya sabuni. Sikuwahi kujua kwamba naye anaogopa. Siku zote zile, nje ya mlango, na mtaimbo wake.

"Muda umekwisha," askari alisema nyuma yangu.

Nikamwambia bado sijamaliza.